Klabu ya chakula cha usiku Tanga, na karatasi ya kuzungumzwa kahawa inapoletwa

Tanga hatujawahi kukosa sababu ya kula pamoja. Kuna futari, kuna maulidi, kuna hitima, kuna harusi. Tunachokosa ni mkusanyiko mdogo usio na shughuli yoyote ndani yake: watu kumi na wawili, mara moja kwa mwezi, wanaokula kisha wakabaki kuzungumza. Kwenye shughuli hakuna anayekaa. Mwenyeji anahangaika na mabakuli, mgeni anawahi bajaji, na maneno mazito yanangoja msiba.

Klabu ya chakula ipo kwa ajili ya hayo maneno mazito. La kwanza ambalo tungependa kila klabu ianze nalo ni hati ya uwakili, yaani karatasi ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kukufanyia mambo yako kisheria. Sababu ni moja. Hati hii hutolewa na mtu mwenye akili timamu, na kwa Sheria yetu ya Mikataba, Sura 345, uwakili hukoma pale aliyeutoa anapofariki au akili zinapomtoka. Watu wengi huikumbuka siku ambayo haiwezekani tena kuiandika.

Tuanze na klabu, kwa sababu bila klabu mazungumzo hayatokei.

Idadi nzuri ni 12. Hapo unapata masinia matatu ya watu wanne wanne, na kila mkono unafika kwenye samaki bila kuvuka upande wa mwenzake. Wakizidi 16 wanagawanyika makundi mawili ya soga na hakuna anayesikia neno la mwenzake. Wakipungua chini ya 8, wawili wakisafiri klabu imelala. Chagua majirani wa umri unaokaribiana, wa miaka hamsini na kuendelea, wenye nyumba, shamba au kiinua mgongo, na watoto walio Dar, Muscat au kwingineko. Usichukue ndugu wawili wa nyumba moja, maana wakiwepo wawili kikao cha klabu kinageuka kikao cha ukoo. Hakikisha yumo mjane aliyewahi kufuatilia mirathi mahakamani. Mama huyo atajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Na awemo mstaafu mmoja wa ofisini, anayesoma karatasi mpaka mstari wa mwisho kabla hajatia saini.

Nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora wanaume hula barazani na wanawake hula ndani. Hilo liachwe kama lilivyo. Mazungumzo ndiyo yasigawanyike. Mkishanawa mikono, wote mkae mahali pamoja, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye anayebaki na nyumba na baba ndiye anayejua karatasi ziko kabati gani.

Fedha ndiyo inayoua klabu hizi. Ukiweka zamu tupu, kila mwenyeji ajitegemee, mashindano yataanza tu: wa kwanza anapika wali wa nazi, wa pili pilau, wa tatu biriani ya mbuzi, wa nne anaona aibu na kujitoa. Dawa yake ni kufunga orodha ya chakula tangu siku ya kwanza: wali mmoja, kitoweo kimoja, mboga moja, tunda la msimu. Asiongeze mtu. Kila mmoja atume mchango ulio sawa kwa simu ya mwenye zamu, kabla ya Alhamisi ya wiki ya chakula, ili Jumamosi asubuhi aende sokoni na fedha taslimu. Matumizi yaandikwe kwenye daftari moja linalohama nyumba kwa nyumba, na chenji iende kwa mwenye zamu anayefuata. Msijenge akiba, na msianze kukopeshana. Siku mtakayokopeshana mmekuwa kikundi cha fedha, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, daraja la nne. Klabu ya chakula haina haja ya mzigo huo.

Watu wafike baada ya Magharibi, chakula kipakuliwe baada ya Isha, kahawa ije mara tu masinia yanapoondoka, na saa 4 usiku kila mtu awe njiani. Mwezi wa Ramadhani klabu ipumzike. Miezi ya masika msitegemee baraza, andaeni ukumbi wa ndani mapema.

Chakula cha watu kumi na wawili

Kwa usiku wa kwanza tunapendekeza wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mchicha wa kukaanga pembeni. Samaki wanapatikana soko la Deep Sea asubuhi, mboga za Lushoto zinashuka sokoni Mgandini, na hakuna mzee wa Tanga atakayesema hali chakula hicho.

Mchele kilo 2. Nazi 4 kubwa kwa wali, nazi 3 kwa kupaka. Zikune nazi za wali, mimina nusu lita ya maji ya uvuguvugu, ponda vizuri kwa mkono, kamua. Utapata kama lita moja ya tui zito, liweke kando. Rudia machicha kwa maji mengine mpaka upate lita 3 za tui jepesi. Jumla lita 4, na hicho ni kipimo cha mchele wa zamani. Mchele mpya punguza nusu lita kwenye tui jepesi, ama sivyo utapata bokoboko.

Osha mchele, uloweke nusu saa, uchuje. Chemsha tui jepesi pamoja na chumvi, ukikoroga muda wote mpaka lichemke, kisha tia mchele. Uache bila kufunika mpaka tui likaukie usawa wa mchele na vishimo vionekane juu. Hapo ndipo tui zito linapoingia. Geuza mara moja tu kwa mwiko kutoka chini, funika, punguza makaa ya chini yabaki machache, panga mengine juu ya mfuniko, upalie dakika 20. Kosa tunaloliona sana ni kutia tui zito mwanzoni ili wali uwe mtamu zaidi. Mafuta yake yanashika chini na kuungua kabla punje hazijaiva, unabaki na ukoko mweusi chini na kiini kigumu juu.

Chumvi ipimwe. Kwenye kundi la umri huu wenye presha hawakosekani. Vijiko 4 vya chai ni kama gramu 24, yaani gramu 2 kwa kila mlaji, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Kwa hiyo samaki watiwe ndimu, saumu na tangawizi kwa wingi, chumvi kidogo sana. Anayetaka zaidi awekewe kibakuli.

Samaki kilo 3, vipande 12. Changu, kolekole au nguru wote wanafaa. Wakishakolea viungo, wachome kwenye jiko la mkaa mpaka wakaribie kuiva. Tui zito la nazi tatu lipike na manjano, saumu na pilipili, ukikoroga bila kuacha mpaka liwe zito la kushika mwiko. Ukwaju uliochujwa, robo kikombe, utie mwisho, kijiko baada ya kijiko, moto ukiwa mdogo. Ukiumwaga wote kwenye tui linalotokota, tui linakatika, mafuta upande wake na maji upande wake, na halirudi. Kisha paka samaki, geuza, paka tena, mpaka rangi ishike.

Tahadhari moja kubwa kuhusu nguru na jodari. Samaki hawa wakikaa na joto kwa saa kadhaa tangu kuvuliwa hujenga histamini kwenye nyama, na histamini haiondoki kwa kupika, hata ukaange mpaka wakauke. Mlaji huvimba uso, ngozi humuwasha, kichwa humgonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Samaki wanunuliwe asubuhi, waingie kwenye barafu palepale sokoni, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na wasitoke mpaka jiko liwe tayari. Asiyekuwa na barafu anunue changu walio hai au karibu na hapo, aachane na nguru. Wali wa nazi uliobaki usilale nje, unachacha haraka.

Kahawa iwe chungu, yenye tangawizi, na tende. Halua iwepo kidogo. Wenye sukari wanajijua, na ni heshima kutowashurutisha.

Mazungumzo yenyewe

Usiku wa kwanza msialike wakili. Akiwepo, watu watanyamaza na maswali wanayoyaonea haya, na hayo ndiyo maswali yenyewe. Aalikwe mwezi wa pili, aje kama mgeni, ale kwanza. Wala mtu asije na hati miliki ya nyumba yake mkobani. Klabu ni ya kuelewa jambo. Karatasi za mtu ni siri yake na familia yake.

Mwenye zamu aanze na mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Anayepewa mamlaka si lazima awe wakili wa mahakamani. Anaweza kuwa mwanao, mkeo, mdogo wako au jirani, mradi ni mtu mzima mwenye akili timamu. La pili, kumpa mtu mamlaka hakukuondolei yako. Nyumba inabaki yako, unaweza kufanya mwenyewe jambo lilelile ulilompa alifanye, na unaweza kumvua mamlaka siku yoyote.

Kuna uwakili wa jumla na uwakili maalumu. Wa jumla unasema mpokea mamlaka afanye lolote ambalo ningeweza kulifanya mimi. Maalumu unataja jambo, mali na mipaka. Msimamo wetu uko wazi: mzee mwenye nyumba moja Chumbageni na shamba la minazi huko Pangani hana haja hata kidogo ya uwakili wa jumla. Hati ya jumla mkononi mwa mtoto mwenye madeni ni sawa na kumkabidhi funguo za nyumba zote huku umefumba macho. Tena msajili na benki hupenda kuona jambo limetajwa kwa jina. Maneno ya jumla mno yanazua maswali dirishani, mwisho mnaambiwa mkaandike nyingine.

Kifungu kizuri cha mamlaka kinasomeka hivi:

"Ninampa mamlaka ya kufanya kwa niaba yangu mambo yafuatayo tu kuhusu nyumba iliyotajwa hapo juu: kupokea kodi kutoka kwa wapangaji na kutoa stakabadhi, kusaini mikataba ya upangaji isiyozidi mwaka mmoja, kulipa kodi ya pango la ardhi na gharama za matengenezo ya kawaida. Hana mamlaka ya kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi wala kuhamisha umiliki, na haruhusiwi kumpa mtu mwingine mamlaka haya. Atanipa hesabu ya maandishi kila baada ya miezi mitatu. Mamlaka haya yatakoma tarehe 31 Desemba, isipokuwa nimeyaongeza kwa maandishi."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Neno "tu" linafunga mlango. "Isiyozidi mwaka mmoja" inazuia mpangaji kupewa miaka mitano kwa fedha iliyolipwa mkupuo. Sentensi ya kukataza ni ya lazima hata kama mamlaka ya kuuza hayakutajwa, kwa sababu mnunuzi mwenye haraka husoma alichotaka kukisoma. Tarehe ya kukoma inamlazimu mzee kukaa chini na kufikiria upya kila mwaka. Tunajua wapo wanaosema tarehe inaleta usumbufu. Inaleta kweli, na usumbufu huo una manufaa.

Juu ya kifungu hicho yaandikwe majina kamili ya wote wawili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba za vitambulisho, anuani, na maelezo ya mali: namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, namba ya hati. Hapa ndipo hati nyingi hukwama. Hati miliki ya mwaka 1985 ina majina mawili, NIDA ina matatu, na jina la katikati limeandikwa kwa herufi tofauti. Ofisi ya ardhi haiwezi kukisia kuwa ni mtu mmoja. Tafuta kiapo cha majina kwa wakili kwanza, kiambatanishwe, ndipo uendelee.

Saini ziwekwe mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo. Mtoa mamlaka atie saini, mpokea naye atie kuonyesha amekubali, picha ndogo za wote zibandikwe. Wakili aandike jina lake, anuani, tarehe na mahali, na aeleze kama anamfahamu anayesaini au ametambulishwa kwake na nani. Asiyejua kusoma, au macho yamempungukia, asomewe hati yote kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba, na iandikwe wazi kwamba amesomewa na ameelewa. Wakili asiyemwona mzee ana kwa ana asisaini. Mtu akikwambia "niachie karatasi, wakili wetu atagonga muhuri kesho", ondoka na karatasi yako. Na kabla hujamlipa, angalia kama leseni yake iko hai kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, hata kwa simu ya mjukuu. Ulizia bei ofisi mbili au tatu. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kukueleza mambo bure, lakini hashuhudii hati hii badala ya wakili.

Baada ya saini kuna ushuru wa stempu, unaolipwa TRA. Lipa ndani ya siku 30. Hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi mahakamani, na watu hugundua hivyo kesi ikiwa tayari imeanza.

Kama mamlaka yanagusa ardhi iliyosajiliwa, hati ipelekwe kwa Msajili wa Hati, kwenye Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, isajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334. Bila hivyo, muamala atakaousaini mwanao kwa niaba yako utakwama kwenye daftari la msajili. Shamba la kijijini lisilo na hati lina njia yake. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na hati ya uwakili haiondoi haja ya kupita kwao kupata idhini.

Na haiondoi ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, Sura 29, kinamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Asichoweza kukifanya baba peke yake, hakiwezi kufanywa na aliyetumwa na baba. Hapo mazungumzo ya klabu huwa yanachangamka, na ni vizuri yachangamke kina mama wakiwa hapohapo.

Mtoto aliye Muscat anayetaka kumpa baba yake mamlaka ya kumnunulia kiwanja Pongwe asaini hati mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania huko aliko, kisha atume karatasi halisi. Picha ya WhatsApp haisajiliwi. Ikifika, ushuru ulipwe kabla hati haijatumika.

Mahali ambapo haifanyi kazi

Benki nyingi zina fomu zao. Unaweza kuwa na hati safi yenye mihuri yote, na tawi likakwambia mwenye akaunti aje mwenyewe ajaze yao. Nenda tawini kwanza, ulizia wanataka nini, ndipo uandike hati. Uhakiki wa wastaafu unaotaka alama za vidole au sura ya mtu ni hivyohivyo: vidole haviwakilishwi na karatasi. Mstaafu asiyeweza kutembea aupigie simu mfuko wake wa pensheni mapema, aulize utaratibu wa wagonjwa.

Kumpa mtu namba ya siri ya simu au kadi ya benki si uwakili. Ni mazoea ya nyumba nyingi na tunaelewa yametoka wapi. Lakini anayetoa fedha kwa namba yako hana karatasi ya kuonyesha ulimruhusu, na wewe huna karatasi ya kuonyesha ulimruhusu kiasi gani. Ndugu wakigombana, wote wawili mnabaki mikono mitupu. Hata mwenye zamu wa klabu asigawe namba yake ya siri akisafiri. Mchango uende moja kwa moja kwa mwenye zamu.

Sasa lile kubwa. Mzee akifariki, hati ya uwakili imekwisha saa hiyohiyo. Mwanawe aliyekuwa akikusanya kodi kwa mamlaka hayo hana tena mamlaka, hata kama tarehe ya kukoma ni mwakani, hata kama ndiye mkubwa, hata kama wenzake wote wanamwamini. Akiuza kitu baada ya hapo ameuza mali ya mirathi bila kuwa msimamizi, na mnunuzi amenunua kesi. Njia sahihi ni kikao cha ukoo, muhtasari wake, cheti cha kifo, kisha maombi mahakamani ili ateuliwe msimamizi wa mirathi.

Mzee akiwa hai lakini kumbukumbu zimemtoka kabisa, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hapo hakuna uwakili na hakuna mirathi. Uwakili umekoma, wala hawezi kusaini mwingine, kwa kuwa mtoa mamlaka lazima ajue anachokitoa. Familia inabaki na njia ya mahakama, kuomba mtu wa kusimamia mali yake, ikiwa na taarifa za daktari. Kushika kidole cha mgonjwa na kukigandamiza kwenye wino ni kughushi, hata kama fedha ni za kumtibu yeye mwenyewe. Tunalisema kwa ukali kwa sababu hufanywa na watu wema, usiku, kwa hofu ya gharama za hospitali.

Dalili zinapoanza, mzee akiwa bado anaelewa siku nyingi kuliko asizoelewa, muda upo. Apelekwe kwa daktari, iandikwe taarifa kwamba siku hiyo anaelewa, na hati isainiwe siku hiyohiyo au inayofuata. Taarifa hiyo itamlinda kila mtu baadaye. Wapo wanaokimbilia kumwandikia mtoto nyumba kabisa ili kuepuka usumbufu wote. Hatuwashauri. Hiba ni kutoa. Ukishatoa, unaishi kwenye nyumba ya mtu.

Wosia ni karatasi nyingine kabisa. Unaanza kufanya kazi pale uwakili unapoishia, RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huuandika na kuuhifadhi, na kwa Muislamu hauvuki theluthi ya mali. Una usiku wake klabuni, msiuingize humu, mtachoka.

Kumvua mtu mamlaka kunataka maandishi vilevile. Andika barua ya kutengua, mpe nakala asaini amepokea, umnyang'anye hati halisi, kisha wapelekee barua wote waliokuwa wakishughulika naye: wapangaji, benki, na Msajili wa Hati kama ilisajiliwa. Mpangaji ambaye hakuambiwa na akaendelea kumlipa hana kosa, na fedha hiyo hutaidai kwake. Wengi hutengua kwa mdomo mbele ya watu wazima wa mtaa na kudhani yamekwisha.

Aliyepewa mamlaka naye ana wajibu, na vijana waambiwe mapema. Fedha za mzee zikae akaunti yake au zitenganishwe na zako, usinunue mali yake wewe mwenyewe bila yeye kujua na kukubali, usimkabidhi kazi mtu mwingine, na weka hesabu. Daftari la safu nne linatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio, na risiti zimebanwa nyuma. Tumeona klabu zinazomkaribisha mtoto mwenye mamlaka aje kula mara moja kwa mwaka na kusoma hesabu mbele ya mzazi wake, mzazi akiwa ameridhia. Hakuna sheria inayotaka hivyo, lakini kijana anayejua atasoma mbele ya wazee kumi na wawili hupoteza risiti chache sana.

Klabu yenyewe isikubali kuteuliwa, wala isitunze hati ya mtu. Hati isainiwe nakala halisi tatu: moja ya mtoa mamlaka, moja ya mpokea, moja ya kuacha kwa msajili au benki. Nakala za kivuli zithibitishwe na wakili siku ileile ya kusaini, tano au sita, kwa kuwa kila dirisha litabaki na moja.